Kosa la Mkono na Kosa la Chombo

Huenda msomaji akastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, ambaye elimu yake ni Qurani na skuli ya msingi tu, ameshika kalamu kueleza habari za mashine ya kupigia mbao msasa. Hatuandiki ili tujifanye mafundi. Twaandika kwa sababu mashine hiyo ilitufunulia aibu yetu mbele za watu. Na aibu iliyomfunza mtu si vyema kuifungia sandukuni, hali majumbani mwetu wamo vijana ambao kila siku wahukumiwa kwa neno moja la mtu mzima.

Mwanzo wa jambo ulikuwa kheri. Mama mmoja wa mtaa wetu hapa Tanga, aliyefiwa na mumewe, alituletea fedha alizozikusanya kidogo kidogo, akataka zitengenezwe marufaa 40 za kuwekea misahafu, pamoja na madawati marefu 6 kwa watoto wadogo, viwe sadaka yenye kuendelea kwa ajili ya marehemu. Alitutilia fedha hizo mkononi, wala hakutaka hati wala shahidi. Alisema tu: "Maalim, nataka watoto wazikute mwezi wa Ramadhani." Mwenye kuaminiwa namna hiyo hulala usingizi mwepesi.

Tukaenda kwa fundi mmoja, rika letu, ambaye tulicheza naye utotoni, na ambaye sasa ana karakana yake yenye mafundi wanne. Kwa madawati tulichagua msonobari ushukao kutoka Shume, katika milima ya Usambara, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Kwa marufaa tulichagua msaji, mti ambao siku hizi wengi huuita mtiki, na ambao kwetu hautoki mbali, kwani uko msitu wake uliopandwa Longuza, wilaya ya Muheza.

Marufaa, kama wajuavyo wasomaji, haiungwi kwa msumari wala kwa gundi. Ni ubao mmoja tu, ambao huchongwa meno ya bawaba katikati yake, kisha ukachanwa kwa msumeno ndani ya unene wake, toka ncha zote mbili mpaka kwenye meno, hata ukafunguka mbawa mbili. Kwa hiyo unene wa ubao huo hauna budi kuwa sawa kila upande. Ukiwa mnene huku na mwembamba kule, msumeno hupotea njia, bawaba hukwama, na ubao wa thamani huwa kuni.

Zamani kazi ya kusawazisha na kulainisha mbao ilikuwa ya randa na mkono. Sisi tulizaliwa nyumbani kwa seremala, na tulipokuwa wadogo marehemu baba alikuwa akitutuma kuchuma majani ya mti uitwao msasa, majani yenye kukwaruza kama ulimi wa paka, tukayasugulia miimo ya milango mpaka vidole vikawaka. Karatasi ya dukani ilichukua jina la jani hilo, nasi wengi wetu leo twalitumia jina tusiujue mti.

Mashine ya fundi wetu hufanya kwa saa moja kazi ambayo baba aliifanya kwa siku nzima. Chini una mkanda mpana uendao taratibu, nao ndio uchukuao ubao. Juu yake limelala pipa jembamba la chuma, ambalo mafundi huliita dramu, nalo limezungushiwa utepe wa msasa toka ncha hadi ncha kama mtu aliyepiga kilemba. Ubao huingizwa upande wa mbele, mkanda ukaupeleka chini ya dramu, dramu ikaukwangua kiasi kidogo sana, nao ukatokea nyuma. Dramu hiyo imeshikwa upande mmoja tu, kwa mkono mnene wa chuma uliofungwa kwa bolti, na upande wake wa pili u wazi, ili ubao mpana upate kupitishwa mara mbili. Twamwomba msomaji aukumbuke upande huo ulio wazi, maana tutaurejea.

Aliyekuwa akiisimamia mashine ni kijana wa miaka 19, ambaye alisoma kwetu chuoni hata akahitimu juzuu zote 30. Baba yake hayupo. Mama yake hupika vitumbua alfajiri akauza mlangoni. Ni sisi tuliompeleka kwa fundi miaka miwili iliyotangulia, tukamwombea nafasi. Chuoni alikuwa mwepesi wa kuhifadhi, na wepesi ule ulikuwa ukituudhi, kwani humaliza somo kabla ya wenziwe, kisha akakaa kuwatania. Mara nyingi tulimkanya kwamba haraka haraka haina baraka. Neno hilo tulidhani tumelisahau, kumbe lilikuwa limelala ndani yetu likingoja siku yake.

Siku yake ilifika wiki tatu kabla ya Ramadhani. Fundi alituita, na tulipofika tulionyeshwa mbao 11 za msaji zimeegemezwa ukutani. Kila ubao ulikuwa na mstari mweusi wa kuungua, uliokwenda kwa urefu wake wote. Ukiuinamisha kwenye mwanga, uliona mawimbi madogo kama mchanga wa pwani maji yanapokupwa. Na ulipoupima, ukingo mmoja ulikuwa mwembamba kuliko mwenziwe. Kijana alikuwa amesimama kando, vumbi usoni, hasemi neno.

Fundi akatuambia: "Maalim, wewe ndiwe uliyeniletea. Umemsomesha miaka 8. Niambie kweli, huyu ni mtu wa kutulia?"

Tungaliweza kusema, "Hebu tutazame kwanza." Tungaliweza hata kunyamaza. Lakini tulikuwa tumeghadhibika kwa ajili ya amana ya yule mama, na hasira hupenda jawabu iliyo karibu. Tukasema mbele ya mafundi wote: "Tangu chuoni ana haraka." Maneno manne tu.

Fundi alimwambia kijana avue koti la kazi, na asirudi mpaka atakapoitwa. Kijana akalivua, akalikunja, akaliweka juu ya meza, akasema, "Sawa, fundi. Kwaheri, Maalim," akatoka. Sisi tulirudi nyumbani tukijiona kuwa tumesema haki.

Usiku, baada ya sala ya Isha, tulisikia hodi. Alikuwa ni yeye, amebeba mbao mbili katika zile zilizoharibika.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Karibu."

Hakuketi. Alisema: "Maalim, sikuja kuomba kazi. Nimekuja unitazamie kitu kimoja tu. Mstari huu mweusi uko wapi?"

Tukapima kwa mkono. Ulikuwa vidole vinne toka ukingoni.

"Na ubao huu wa pili?"

Vidole vinne.

"Nilizipima zote 11 kabla hujafika, Maalim. Zote ni pale pale. Mtu akiwa na haraka, kosa lake hukaa mahali pamoja?"

Hatukuwa na la kumjibu. Kwa muda wa miaka 30 tumekaa tukiwasikiliza watoto wakisoma, na twajua kwa masikio yetu kwamba mtoto mwenye haraka hukosea leo hapa na kesho pale. Lakini mtoto akikosea kila siku neno lile lile, katika aya ile ile, kosa hilo si la haraka yake. Ama ni la aliyemfundisha, ama ni la herufi iliyochapwa vibaya ndani ya juzuu yake. Kosa la mkono huhamahama. Kosa la chombo hurudi pale pale. Kanuni hiyo ni yetu, twaitumia kila siku, na aliyetukumbusha ni mtoto tuliyemhukumu bila kuitumia.

Suratul Hujurat tumeisomesha mara zisizohesabika, na kila mara tumewaeleza watoto amri iliyomo, ya kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Usiku ule, alipokwisha ondoka, tuliifungua peke yetu, hakuna mwanafunzi mbele yetu.

Asubuhi tulikwenda naye karakana. Fundi hakupendezwa. Mashine, alisema, aliinunua kwa fedha nyingi na haikuwa na kasoro. Tulimwomba saa moja tu, naye akatupa kwa heshima ya urafiki wetu wa zamani.

Jambo la kwanza alilofanya kijana ni kuchomoa waya wa umeme ukutani, wala hakutosheka na kuzima swichi. Kisha akaomba ruhusa aseme. Alisema kwamba tusitafute ugonjwa mmoja, kwani dalili ni tatu: kuungua, mawimbi, na unene usiolingana. Kila dalili tuiulize peke yake. Wala tusigeuze vitu viwili kwa mara moja, kwa sababu mashine ikipona hatutajua dawa ilikuwa ipi.

Tukaanza na kuungua. Tulipofungua kifuniko, tuliona juu ya utepe wa msasa, vidole vinne toka ncha, doa jeusi linalong'aa kama kioo. Ulikuwa ni utomvu wa msonobari. Mbao za madawati ndizo zilizotangulia kupitishwa, nazo zilikuwa na vifundo vyenye utomvu. Ukayeyuka kwa joto, ukazishika punje za msasa, na vumbi likagandamana juu yake. Mahali kama hapo msasa haukati tena, ila husugua, na kusugua huzaa moto. Kila ubao uliofuata ulichorwa mstari ule ule.

Tena utepe wenyewe ulikuwa wa namba 150, ambao ni wa kumalizia kazi, nao ulikuwa ukitumikishwa mahali pa namba 80, ambao ndio wa kupunguza unene. Namba ikiwa kubwa, punje huwa ndogo na nafasi baina yake huwa finyu, vumbi likakosa pa kukaa. Fundi alipouliza kwa nini haukubadilishwa, kijana aliinamisha macho. Fundi mmoja mtu mzima ndiye aliyejibu: "Aliomba utepe mpya mara mbili, bwana. Ulimwambia huu bado wafaa." Fundi hakukana.

Uchafu ukiwa mdogo iko dawa rahisi: kipande cha mpira laini wa soli ya kiatu cha zamani, kikigusishwa taratibu kwenye msasa unaozunguka, hulivuta vumbi lililoganda. Lakini punje zilizokwisha ungua hazina dawa ila kubadilishwa. Kijana akauvika mashine utepe mpya wa namba 80, akiangalia sana mambo mawili. La kwanza, kila mzunguko wa utepe ukae ubavuni mwa mwenziwe wala usimpande, kwani palipopandana huchimba mfereji katika ubao. La pili, kibanio chenye springi kilicho nchani kiachiwe nafasi ya kuvuta, maana karatasi ikipata joto hurefuka, na ikilegea huchanika mara.

Nyuma ya mashine tulilikuta bomba la kufyonzea vumbi limepindika, halivuti, na ndiyo sababu nyingine ya utepe kujaa upesi. Vumbi hilo si la kudharauliwa hata nje ya habari za mashine. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha uamuzi wake kwamba vumbi la mbao huleta saratani kwa binadamu, nayo hushika hasa ndani ya pua. Kijana alikuwa akilivuta vumbi lile kila siku bila ya kitambaa usoni, na sisi watu wazima tulikuwa tukipita pale tusimwambie neno.

Tukaja kwenye mawimbi. Fundi alidhani dramu imepinda. Kijana akatoa daftari lake mfukoni. Kibao cha mashine kinasema dramu huzunguka mara 1,440 kwa dakika. Mwendo wa mkanda aliupima mwenyewe kwa futi kamba na saa, akauona wapeleka ubao mita 2 kwa dakika. Hesabu iliyobaki ni ya skuli ya msingi, nasi tuliifuata. Gawa milimita 2,000 kwa 1,440, waona kwamba dramu ikizunguka mara moja ubao husogea pungufu ya milimita moja na nusu. Lau kasoro ingalikuwa ya dramu, yenye kurudi kila inapozunguka, mawimbi yangalikaribiana kiasi hicho. Lakini mawimbi yale yalipishana kwa sentimita 2. Basi ilitupasa kuitafuta sababu kwenye mkanda.

Tukarudisha umeme, tukauwasha mkanda peke yake, dramu ikiwa imezimwa. Kijana akauweka ubao juu ya mkanda, akauzuia kidogo kwa kiganja. Rola ikaendelea kuzunguka, lakini mkanda ukasimama! Ulikuwa umelegea, na chini yake limeingia vumbi laini kama unga wa muhogo, ukawa wateleza. Ubao, basi, ulikuwa ukienda, ukisita, ukienda tena, na kila uliposita dramu ilichimba zaidi. Tukachomoa umeme, tukafuta vumbi, tukakaza nati za pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Mkanda ulipowashwa tena ulianza kuhama upande wa kushoto, nasi tukataka aukaze kwa nguvu. Akatuzuia kwa adabu. Akageuza nati robo mzunguko, akakunja mikono, akangoja. Mkanda ulirudi polepole katikati. Mwenye kuugeuza kwa pupa, alisema, huupeleka upande wa pili, akashinda kutwa akiukimbiza huku na huku. Tulisikia neno hilo "pupa" likisemwa na yule tuliyemwita mwenye haraka, tukanyamaza.

Ikabaki dalili ya tatu. Kijana alikata vipande viwili katika kijiti kimoja, akahakikisha kwamba vyalingana unene. Akakiweka kimoja upande wa ndani, penye mkono wa chuma, na cha pili upande ulio wazi, akavipitisha pamoja chini ya dramu mpaka vyote viwili vikaguswa. Kisha akavipima. Cha ndani kilikuwa milimita 23.2. Cha upande ulio wazi kilikuwa milimita 24 kamili. Maana yake dramu ilikuwa imeinuka upande ule, haiko sambamba na meza yake. Tulipotazama bolti zinazoushika mkono wa chuma, mbili zilikuwa zimelegea, na penye rangi pameachwa alama mpya ya chuma kilichosogea.

Fundi akauliza kwa sauti: "Nani ameubeba mkono huu?"

Hapo damu ilitukimbia usoni. Tulikumbuka ile Alhamisi ya mvua, mbao zetu za msaji zilipoletwa na gari. Palikuwa hapana nafasi ya kuziweka, nasi tuliona tabu zisije zikanyeshewa, tukashauri mashine isogezwe toka mlangoni hadi pembeni. Tuliiinua watu watatu: fundi, mpagazi wa gari, na sisi. Wao wawili walishika msingi wake, kama ilivyo desturi ya wenye kujua. Sisi tulishika palipo rahisi kushikika. Tuliushika mkono wa dramu, upande ule ulio wazi, tukauvuta juu kwa nguvu zetu zote. Na bomba la vumbi lilipindika siku hiyo hiyo, kwani pale pembeni halikufika vizuri. Kijana hakuwapo, alikuwa ametumwa Muheza. Jumamosi alipoiwasha mashine alimwambia fundi kwamba inalia vingine, naye akajibiwa afanye kazi.

Basi tukakiri. Tuliunyosha mkono wetu wa kulia mbele ya fundi, tukamwambia kwamba aulizaye mkono uliofanya haya, ni huu. Fundi alitutazama, akamtazama kijana, akaketi juu ya rundo la mbao. Baada ya kitambo akasema: "Maalim, mimi niliisikia mashine ikilia vingine. Nilikuwa na haraka ya kazi yako."

Kijana hakusema kitu. Alikuwa amekwisha chukua spana. Aligeuza nati ya kusawazishia kidogo, akafunga bolti, akapitisha vipande viwili, akapima. Akageuza tena, akapitisha, akapima. Mara ya tatu vyote viwili vilikuwa milimita 23.1.

Sasa lilibaki neno letu. Tulilisema mbele ya watu, na kulirudisha faraghani ingalikuwa ni kulipa deni kwa sarafu pungufu. Tukangoja saa nne, mafundi walipokusanyika kunywa chai, tukasimama mahali pale pale tulipokuwa tumesimama jana. Tukasema kwamba tulimshuhudia kijana kwa jambo tusilolichunguza. Kwamba mashine iliharibika kwa mkono wetu, na kwa utepe ulionyimwa. Na kwamba katika karakana hii mwenye haraka alikuwa mwalimu. Tukamwomba radhi.

Kijana alisema: "Nimekusamehe, Maalim." Kisha, baada ya kimya: "Lakini mama hakulala jana."

Neno hilo lilituuma kuliko lote lililotangulia. Jioni tulikwenda kwa mama yake. Tulimkuta akiroweka mchele wa vitumbua vya kesho. Tulimweleza kisa chote bila kuficha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Maalim, fundi angesema yeye peke yake, ningesema kijana wangu kaonewa. Ulipolisema wewe, nilisema labda ni kweli." Alikuwa ametilia shaka mtoto wake mwenyewe, aliyemzaa na kumlea, kwa sababu ya maneno yetu manne.

Tulimwendea pia yule mama mwenye sadaka. Katika mbao 11, mbao 7 zilipunguzwa unene zikafaa kwa marufaa ndogo, na 4 hazikufaa kitu. Hizo 4 tulizilipa kwa fedha yetu, nayo ni haki, kwa kuwa amana iliharibika mikononi mwetu. Fundi alimlipa kijana ujira wa siku aliyofukuzwa, akanunua tepe za namba mbalimbali pamoja na vitambaa vya kuzibia pua. Marufaa 36 zilikuwa tayari usiku wa kuandama mwezi, na 4 zilizobaki zilifika katika wiki ya pili ya mfungo. Yule mama alipozigusa, aliuliza kwanza habari za kijana, kisha ndipo akauliza habari za mbao.

Enyi vijana wetu, mkishika chombo chochote, kiwe mashine, cherehani au pikipiki, msianze kwa kukipiga wala kwa kukilaani. Kwanza zimeni, mchomoe umeme. Kisha isomeni alama: iko wapi, hurudi baada ya umbali gani, ilianza siku gani, na siku hiyo kulitendeka nini. Geuzeni kitu kimoja, mjaribu, mwandike. Na mkilaumiwa kwa msilolitenda, fanyeni kama alivyofanya kijana huyu: hakupiga kelele wala hakuapa, alileta mbao mbili na kipimo.

Na ninyi akina baba na akina mama, na sisi walimu zaidi ya wote, tukumbuke kwamba watu hawalisikii neno letu juu ya mtoto kama wanavyolisikia la mtu mwingine. Hulipokea kama hati iliyopigwa muhuri. Mtoto tuliyemjua akiwa na miaka 10 si lazima awe yule yule akiwa na miaka 19. Sisi tulimbebesha kijana wa leo sifa ya mtoto wa jana, tukamtolea ushahidi kwa kumbukumbu, hali ushahidi wa macho ulikuwa umeegemezwa ukutani mbele yetu, mbao 11.

Siku hizi katika chuo chetu mtoto akikosea, twamtaka asome tena, na tena. Kosa likihama, twamwambia atulie. Kosa likirudi pale pale, twaichukua juzuu yake kwanza, tukaitazama, kisha twajitazama wenyewe. Juma lililopita tulimkuta mtoto mmoja ambaye kwa miezi miwili tulimwona mzito, kumbe ukurasa wake ulikuwa umefutika herufi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, na azipokee marufaa zile kwa aliyezitoa na kwa aliyetolewa. Wabillahi tawfiq.